UZI: Mutakatifu mwenye alinyimwa komunio miaka 30, na sisi tunamucheka mu watsapu

MwanaKadutu (Bukavu)

Jambo kwenu bote. Kura (umeme) imerudi sasa hivi, telefone iko ku asilimia 19, basi niandike mbiyo mbele ikatike tena, makosa mutanisamehe.

Ile siku ya posho (jumamosi) mu grupe ya watsapu ya shirika yetu, mutu alituma picha ya muzee mumoja Muchina na maneno chini yake: huyu alivuta afyuni miaka 30 na Kanisa likamufanya mutakatifu, basi kunyweni bandugu, mbinguni fasi iko. Balicheka sana. Mama prezida wa shirika akaandika tufute, ni uongo wa batu benye banachekelea Kanisa. Kesho yake, kisha misa, mvua ikatukamata, tuko bote tumejibana ku barza tunangojea ipite, kijana mumoja akasema kwa sauti: "Na sisi tuko na wetu, mutakatifu wa kanyanga." Bote bakageuka bakaangalia kaka yangu mukubwa.

Kaka anakaaka ku benchi ya mwisho karibu na mulango. Iko miaka tisa sasa. Alikuwa fundi mbao, tena fundi kabisa, hata mabenchi mingine ya ile kanisa ni mikono yake, lakini kanyanga, ile pombe kali, ilimukamata na saa ya komunio yeye anabakia amekaa, anaangalia viatu. Hata siku moja haachi kuja. Anaweza kuja na macho mekundu, lakini anakuja. Ile siku alicheka pamoja nabo. Alafu tukiteremuka kwenda Nyamugo, kimya, mara moja akaniuliza: "Ule Muchina, ni kweli?"

Sikukuwa na jibu. Nimesoma usiku tatu. Nitawaelezea yenye nimepata, juu naona ule mutu wa ile picha ni wa kweli lakini maneno ya chini yake ni ya uongo, na Mama naye mwenye alisema ni uongo yote alikosa kidogo, anisamehe kama anasoma.

MwanaKadutu

Jina lake Marko Ji Tianxiang. Alizaliwa 1834 kaskazini ya China, mu jimbo la Hebei, mu familia ya Bakristo. Alikuwa munganga, si wa kupiga ramli hapana, munganga wa kutibia batu, na maskini alibatibia bure. Mu kanisa alikuwa mutu wa heshima, ule mwenye kukiwa na kesi banasema ngojeni muzee akuje.

Siku moja akagonjwa tumbo. Ikakuwa mbaya, akajitibia mwenyewe na afyuni. Hapa musikimbilie kumuhukumu, juu ile wakati afyuni njo ilikuwa dawa ya maumivu, munganga yeyote angekupa. Tumbo ikapona. Afyuni ikabakia.

Akafanya yenye mukristo anafundishwaka. Akaenda kuungama. Padri akamusamehe. Akaanguka, akarudi kuungama. Akaanguka, akarudi. Munajua benyewe vile inakuwaka, mutu anasema mara ya mwisho padri, kweli, na saa ile anasema hadanganyi hata kidogo. Mwishoni padri akachoka, ao tuseme akafuata vile alisomea: ungamo inaomba majuto na nia ya kweli ya kuacha, na huyu kila mara anarudi na zambi moja ile ile, basi nia haiko. Akamuambia asirudie tena kuungama mpaka ameacha.

Na bila ungamo, hakuna komunio. Ikakuwa miaka 30.

Nataka musimame pale kidogo. Miaka 30 si neno la kupita nalo mbiyo. Mutu alikuwa na heshima, leo iko aibu ya kijiji. Watoto wake banakua banaona baba yao habarikiwi kama bengine. Anaingia kanisa, anapiga magoti, kengele inalia, bote banasimama kwenda mbele, yeye anabakia. Mwaka wa kwanza. Wa kumi. Wa makumi mbili. Kwa nini hakuacha tu kuja? Mimi ningeacha, nisema ukweli. Ningesema sawa, kama munanifukuza, baki na kanisa yenu, kwetu hapa siku hizi kila avenue iko na chumba cha maombi na mupastori. Yeye hakuenda.

Telefone iko karibu kuzima, nitaendelea.

Njoo_Uone_Goma (Goma)

Mimi si mukatoliki, niseme mbele ili musinipige mawe bure. Lakini swali langu ni la kweli. Huyu mutu aliomba miaka 30, Mungu hakumufungua? Kwetu mutu akiwa na roho ya pombe tunamufungia, tunamuwekea mikono, na tuko na batu benye balitoka. Sasa munatuonyesha mutu mwenye alishindwa mpaka kufwa na munamuita mufano? Mufano wa nini? Mutoto wangu akisoma hii anapata nini?

Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi)

Njo vile, hata mi niko katoliki tangu tumboni lakini hii inanisumbua. Bakanja ninamuelewa: Isidoro Bakanja walimupiga juu alikatala kutosha skapulari (kile kitambaa cha Bikira Maria) mu shingo, akafwa nayo 1909, Papa akamutangaza mwenyeheri 1994. Anuarite, ule sista shahidi wetu, ninamuelewa. Ule Muchina anavuta! Iko kama kusema zambi haina mambo, mwishoni watakuuwa na inaisha vizuri tu.

(Kenya ni komini yetu huku Lubumbashi, si inchi, mbele mutu wa Nairobi aanze kunisalimia.)

Infirmiere_Bagira (Bukavu)

Naomba niingilie juu ya afyuni, njo kazi yangu.

Ile majimaji ya ua la afyuni njo munatoka morfini, ile ile tunamupatiaka mugonjwa wa kansa ao mutu alivunjika vibaya. Ni dawa ya kweli. Lakini mwili ukiizoea, ukiikatalia tu inakuwa vita: jasho, kutetemeka, tumbo inakata, kuhara, kutapika, mifupa inauma, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu njo mbaya zaidi, karibu juma nzima inaweza kupita mbele mutu apumue. Na hata mwili ukitulia, kichwa kinabakia kinaita, miezi, miaka. Sasa mufikirie huyu mwenye ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa tumbo. Kila akiacha, tumbo inarudi kuuma pale pale kwenye alianzia. Na dawa iko mu kabati yake mwenyewe, juu ni munganga, kila siku anaigusa akitibia bengine.

Wakati ule batu bengi hawakuita hii ugonjwa. Padri hakukuwa mubaya, alihukumu na yenye alikuwa nayo.

Na MwanaKadutu, hili ni lako wewe, si la mutakatifu: kama kaka yako anakunywa kila siku tangu asubui, musimufungie mu nyumba eti aache kwa nguvu. Afyuni ukiikata ghafla unaona kama unakufwa, lakini mara nyingi hufwi. Pombe kali ukiikata ghafla, mwenye amezoea sana anaweza kuanguka kifafa, kuchanganyikiwa, na kufwa kweli. Mumupeleke kwa munganga kwanza, bamupangilie.

MwanaKadutu

Asante sana dada, hilo sikulijua, na tulishamufungiaka mara mbili. Mungu anisamehe.

Njoo_Uone, ndugu yangu, sikupigi mawe, swali yako ni ya kweli na hata mimi nilianzia pale. Lakini soma 2 Korinto 12. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke. Haukutoka. Akajibiwa "Neema yangu yakutosha." Nani alimuambia Paulo kwamba hana imani? Na mwenye anapona kwenu, namushukuru Mungu pamoja naye. Swali langu ni la ule mwenye hakupona na bado anakuja. Yeye tunamuweka wapi?

Na Lushois, si kweli kwamba alisema zambi haina mambo. Ule mwenye anasema haina mambo hakuna kitu kinamuuma, anakunywa analala. Marko hakufanya amani na afyuni hata siku moja. Ndiyo maana ile ujumbe ya watsapu ni uongo: inamufanya kama ruhusa. Mutu mwenye anatafuta ruhusa haombi Mungu amupe kufwa shahidi, juu banasimulia njo alikuwa anaomba vile. Aliona kwamba kuacha peke yake hawezi, ku altare hafiki, basi njia yenye imebakia ya kufika ni kutoa maisha. Ni sala ya mutu mwenye alishajaribu milango yote.

Mtu_wa_Ujiji (Kigoma)

Wakuu heshima kwenu, natupia jicho kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Uzi mzuri, ila naona mnamsoma huyu mzee kama vile aliishi hewani. Ngoja niwape kidogo historia maana mimi hii ndio starehe yangu, mke wangu analalamika kila siku.

Afyuni ilifikaje kwa wingi vile China? Waingereza. Walikuwa wanailima India, wanaipakia melini, wanaiuza China ili wapate fedha ya kununulia chai. Mfalme wa China alipoikataza na maafisa wake wakaiharibu, Waingereza wakaja na manowari mwaka 1839, vita mpaka 1842, China ikashindwa, Hong Kong ikaenda kwa Waingereza. Vita ya pili 1856 mpaka 1860, safari hii na Wafaransa. Mwisho wake biashara ya afyuni ikawa halali. Na katika mikataba ile ile ndimo wamisionari walipewa haki ya kuingia na kuhubiri ndani kabisa ya nchi. Umeona hapo? Mchina wa kawaida akiangalia, meli zilizoleta sumu na bendera zilizomlinda padri ni zile zile.

Sasa huyu mzee Ji ndani ya mwili wake ana vyote viwili. Afyuni ipo kwenye damu na msalaba upo shingoni. Jirani yake asiye Mkristo anamwona mtumwa wa wageni mara mbili.

Ikaja ukame kaskazini, njaa, vijana hawana kazi, hasira imejaa. Ndio wakainuka wale walioitwa Yihetuan, Wazungu wakawaita Mabondia kwa sababu ya mazoezi yao ya ngumi. Waliamini wakifanya mazoezi na matambiko yao risasi haitawapata. Mnaisikia hiyo? Kwetu Maji Maji ilikuwa 1905, miaka mitano tu baadaye, na Wajerumani wale wale waliokuwa China 1900 pamoja na mataifa mengine saba. Kwa hiyo siwaiti mashetani. Walikuwa wameonewa kweli kweli. Ila hasira yao ilimwangukia nani? Wengi waliokufa ni Wachina wenzao, wakulima, kina mama, watoto, kosa lao ubatizo.

Njoo_Uone_Goma

Mai Mulele! Babu alikuwa anatuelezea waasi Basimba wa 1964, wanarushiwa maji, wanaambiwa masasi itageuka maji. Hii kitu iko fasi yote basi.

MwanaKadutu

Na Anuarite aliuawa na bo hao Basimba kule Isiro, tarehe 1 Desemba 1964. Mzee wa Ujiji, asante, umenifungua macho, hiyo ya kuitwa mutumwa wa wageni mara mbili sikuifikiria. Sisi wa Bukavu tunajua vile mutu anaweza kuchukiwa na pande zote kwa wakati moja. Askofu Munzihirwa, mwenye alikuwa Mujezuiti, wakati wa wakimbizi wa Rwanda alisema huyu naye ni mutu na ule naye ni mutu, bamoja bakamuita rafiki ya wauaji. Baliishia kumuua pale Nyawera tarehe 29/10/1996. Hata Marko Ji na wenzake wa ile sehemu ya Hebei walikuwa mu misioni ya Bajezuiti, niliona hiyo nikakaa kimya kidogo.

Basi nimalize habari. Julai 1900. Mabondia bamefika, bakamata Bakristo, na bengi balipewa nafasi: kana, uende nyumbani. Balimukamata muzee Marko, sasa ana miaka 66, pamoja na nyumba yake: mutoto wake, bakamwana babili, na bajukuu sita.

Sasa nani angeshangaa kama yeye njo angekana? Nani ile kijiji angeshangaa? Miaka 30 bamemuona anashindwa na kitu kidogo kama moshi. Hata Kanisa lenyewe halimudai kitu, halimupi komunio, hana deni nalo. Mutu mwenye hawezi kusema hapana kwa afyuni, utamungojea aseme hapana kwa upanga?

Alisema hapana.

Banasimulia kwamba mujukuu mumoja alimuuliza babu tunaenda wapi, akamujibu tunaenda nyumbani. Na akaomba kitu kimoja kwa bauaji: bamuache yeye wa mwisho. Si kwa kutaka dakika zaidi ya kuishi. Ili hakuna mutu wa nyumba yake atakufwa peke yake. Basi akasimama pamoja na kila mumoja, mutoto, bakamwana, bajukuu, moja moja, mpaka wote tisa bameisha, akiimba Litania ya Bikira Maria. Alafu njo bakamukata yeye. Tarehe 7 Julai.

Mimi niko na watoto babili. Nilisoma pale nikafunga telefone, nikatoka inje nikaangalia ziwa.

Lushois_wa_Kenya

Nimesoma hii mara mbili. Nilikuwa nasema "inaisha vizuri tu". Hapana, haikuisha vizuri tu. Narudisha neno langu.

Lakini niulize kitu kingine, si ubishi. Hakuungama mwishoni. Hakukuwa padri. Kanisa lilijua namna gani?

Katekista_Mzee (Bukavu)

Mwanangu, hilo ni somo la zamani sana. Kanisa tangu mwanzo lilifundisha kwamba mwenye kumwaga damu kwa ajili ya Kristo, hata kama hajabatizwa, damu inakuwa ubatizo wake. Basi na mwenye amebatizwa akafungiwa mulango wa kitubio, utamuuliza risiti gani tena?

Na tena niseme juu ya ule padri, mimi niko mu kazi ya katekesi tangu zamani na nimeona mapadri bengi, wakali na wapole. Alikuwa na sheria mukononi, sheria si ya uongo: bila nia ya kuacha hakuna maondoleo. Kosa lake ni kufikiri kwamba kuanguka tena ni ushahidi kwamba nia haikuwa. Leo Katekisimu yenye ilitoka 1992, namba 1735, inasema wazi kwamba mazoea na kufungwa na kitu vinaweza kupunguza hatia ya mutu, ao hata kuiondoa. Haisemi afyuni ni nzuri, soma 2291 inasema matumizi ya dawa za kulevya ni kosa zito. Vyote viwili viko mu kitabu kimoja. Kuna batu banasoma namba moja tu, kufuatana na mwenye banataka kumupiga.

MwanaKadutu

"Kufuatana na mwenye banataka kumupiga." Baba katekista, hiyo nitaiandika ku mulango.

Ya mwisho kwa bale benye balisema ni uongo: Papa Pio wa 12 aliwatangaza wenyeheri Marko na wenzake wa Hebei mwaka 1955. Kisha tarehe 1 Oktoba 2000, Yohane Paulo wa Pili akatangaza watakatifu 120 waliouawa China, Bachina 87 na wamisionari 33, Marko yuko ndani. Munajua siku ile ile nani mwingine alitangazwa? Bakhita! Yosefina Bakhita wa Sudani, mwenye kwaya zetu zinamuimba, mwenye nusu ya bamama wa Kadutu beko na picha yake mu bibilia. Siku moja, misa moja, pale Roma. Mutumwa mwenye aliuzwa na wenye fimbo, na mutumwa mwenye alifungwa na moshi. Moja tunamubeba mu mifuko, mwingine tunamutuma mu watsapu kwa kucheka.

Mtu_wa_Ujiji

Na serikali ya Beijing ilikasirika sana siku hiyo, maana tarehe 1 Oktoba ndiyo sikukuu ya taifa lao. Walisema kati ya hao 120 kuna waliotenda uovu dhidi ya Wachina. Mzee Ji hata akiwa mbinguni bado kuna watu wanamwita wa wageni. Kazi anayo.

Njoo_Uone_Goma

Mimi bado sikubali mambo ya watakatifu na picha, tusidanganyane. Lakini swali ya MwanaKadutu, "tunamuweka wapi mwenye hakupona na bado anakuja", nimelala nayo. Kwetu tulikuwa na kijana, alikuwa anapiga ngoma mu kanisa, tulimuombea mara nyingi, bangi haikutoka, tukasema ana zambi ya siri hataki kuitoa. Akaacha kuja. Hatukumutafuta. Sasa sijui aliko, bengine banasema alienda ku machimbo.

Huku Goma tuko na wenu mwenye ninamukubali hata mimi, ule wa duane (forodha) ya vyakula, Floribert Bwana Chui, alikataa hongo ili mchele mbovu usipite, bakamuua 2007, na mwaka 2025 bamemutangaza mwenyeheri pale Roma. Huyo ni rahisi kumupenda. Alikataa mara moja wazi, kila mutu anaona. Wenu Muchina ni mugumu zaidi.

MwanaKadutu

Ni mugumu ndiyo. Hata mimi ningependa kaka awe Floribert.

Nilimuelezea jana usiku. Nilimukuta ku kiwanda chake cha zamani, kile kibanda, amekaa ku mbao, alikuwa amekunywa lakini si sana. Nikamuambia yote vile nimewaandikia. Alisikiliza. Mwishoni nilifikiri atalia ao atasema kitu kikubwa. Akaniuliza: "Ile miaka 30, alikuwa anakaa ku benchi ya wapi?" Nikamuambia hiyo hakuna mwenye aliiandika. Akasema, "Ya nyuma. Ya nyuma ni nzuri, mutu akikuangalia lazima ageuke." Alafu akaanza kunionyesha vile mguu wa ile benchi ya mwisho unacheza, eti misumari haikuwa yake, kuna mutu aliirudilia kisha akaiharibu.

Dada Infirmiere, nimemuambia pia ya kwenda kwa munganga. Hakukataa. Hakukubali.

Mama_wa_Shirika (Bukavu)

Mwanangu, nimesoma hii tangu jana, mutoto wangu njo alinionyesha. Nilisema ni uongo, nilikosa. Nilikuwa nachunga heshima ya Kanisa na sikuangalia nani amesimama nyuma yangu pale ku barza. Nilimuona kaka yako akicheka nikasema mu roho, afazali haimuumizi.

Sikukuu yake ni lini?

MwanaKadutu

Mama shikamoo. Wala usiseme hivyo. Siku yake mwenyewe ni tarehe 7 Julai, njo siku aliuawa. Ile ya bote 120 pamoja ni tarehe 9 Julai, mu kalenda banaandika Augustino Zhao Rong na wenzake, yeye iko ndani ya "wenzake".

Mama_wa_Shirika

Basi tutaweka nia ya misa tarehe 7, shirika nzima. Nitaenda ku biro ya parokia. Jina naandika namna gani, Ji njo ya ukoo?

MwanaKadutu

Ndiyo Mama. Kwa Bachina jina la ukoo linatangulia. Ji njo ukoo, Tianxiang njo yake, Marko njo ya ubatizo.

Mama_wa_Shirika

Sawa. Na kaka yako niandike jina lake pia, ao niseme tu "kwa wagonjwa wetu"?

MwanaKadutu

Ngoja nimuulize mwenyewe, Mama. Ameenda kanisani na nyundo.